Mikarem Nyumbani kwa Délima

Nyumba ile haikuwa yangu, na sitaki mtu aseme niliidai. Ilikuwa ya mke wangu, Délima wa Fidèle wa Cyriaque, na kabla ya Cyriaque ilikuwa ya babake, na kabla ya huyo ilikuwa ya yule wa kwanza, aliyekata magogo mlimani akayakokota juu ya barafu mpaka ufukweni. Mimi niliingia pale bwana harusi na begi moja. Kwetu Belle-Anse mwanamume anayehamia kwa mkewe huchekwa. Nilichekwa vya kutosha, kisha watu wakachoka, nikawa wa nyumba.

Watoto hatukujaliwa. Kwa hiyo Délima alipolazwa na ugonjwa wake wa mwisho, Kamati ya Urithi ilianza kupita kwetu na keki. Majira yale suête, ule upepo wetu unaoshuka mlimani kama umetumwa na shetani, ulikuwa umeng'oa vigae vya mbao upande mzima wa paa. Magoti yangu hayakuweza tena ngazi. Serikali ilikuwa na msaada wa kukarabati nyumba za kihistoria, lakini si kwa mtu. Kwa kamati tu. Ndivyo walivyo wakubwa. Nyumba ikiwa na mwenyewe haina historia, mvua na iingie. Ikishapata kamati, historia inaonekana ghafla na mafundi wanakuja na lori.

Mwenyekiti alikuwa Ghislaine Poirier, ambaye zamani alikuwa mkubwa benki. Aliketi ukingoni mwa kitanda chetu, katika chumba kidogo cha nyuma ya jiko, pale ambapo ukuta unapata joto la kuni usiku kucha. Délima akamwambia, "Nyumba chukueni, Ghislaine. Lakini Lubin anabaki chumba hiki."

"Anabaki, Délima. Mpaka Mungu amwite."

Wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli la supu ya kuku. Niliona mikono ile miwili, mmoja mfupa mtupu, mwingine una pete. Kwetu mkono ni mkono. Baba zetu waliuziana mashua kwa mkono.

Délima akafa kabla theluji haijayeyuka. Paa likaezekwa upya. Nyumba ikawekewa kibao: Nyumba ya Wageni ya Fidèle, Makazi ya Kale ya Waakadia, ndio sisi, Wafaransa wa kale wa pwani hii ya Kanada.

Sikulalamika mwanzoni, Mungu ananiona. Lakini angalia walivyofanya. Mazulia ya sufu ambayo Délima aliyashona kwa ndoano, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, ili tuyakanyage, waliyatundika ukutani wakaandika Usiguse. Msalaba wa chumbani kwa mama mkwe waliutoa wasije wakawaudhi wageni, halafu akaja mtaalamu kutoka mjini akasema bila msalaba nyumba si ya kweli, wakaurudisha, ila upande wa pili, kwa sababu ya swichi. Kila chumba cha juu kilipewa sabuni yenye harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota kisiwani kwetu. Nami nilipewa kizibao. Ndiyo, kizibao cha sufu na kofia. Ghislaine aliniomba nivae kiangazi nikikaa kwenye kiti cha kubembea karibu na jiko.

"Wageni wanapenda, Mzee Lubin. Wanaona uhai."

"Nikifa je, mtanijaza pamba?"

Akacheka. Huyo hucheka kila kitu ambacho hataki kukijibu.

Nilivumilia kwa ajili ya chumba. Nataka mnielewe hapo. Sikutaka paa, sikutaka kibao, sikutaka kuwa mwenyekiti. Nilitaka kulala pale alipolala Délima mpaka na mimi nilale moja kwa moja. Ukuta ule nilikuwa nikiuwekea mgongo usiku, na joto lake lilikuwa kama la Délima.

Sasa nije kwenye Mikarem.

Kwaresima ikifika katikati, sisi watu wa pwani hii tunajipa ruhusa. Wiki nzima, jioni, watu wanajifunika barakoa na nguo za ajabu, wanaume wanavaa magauni, wanawake wanavaa suruali za waume zao, na wanapita nyumba hata nyumba. Si kila nyumba. Kuna nyumba zinazopokea, na nyumba ya Délima imepokea tangu enzi za babu yake. Walioketi jikoni wanabahatisha: wewe ni fulani wa fulani wa fulani. Aliyejifunika haongei kwa sauti yake. Anaongea kwa kuvuta pumzi ndani, sauti inakuwa kama ya mlango mbovu. Akitajwa jina lake anajifunua, anapewa peremende za sukari na malai, watu wanacheka. Akishindwa kutajwa anaondoka na siri yake, na hiyo ni heshima kubwa. Sheria ni moja tu. Ukitajwa kwa jina lisilo lako, unatikisa kichwa. Huwezi kukubali jina la mtu mwingine. Nimeona watu wa Belle-Anse wakiiba mitego ya kambakoche, wakila nyama Ijumaa Kuu, wakilala na wake wa ndugu zao. Hilo sikuwahi kuliona.

Délima alikuwa bingwa wa kubahatisha. Alimtambua padri mmoja kwa namna alivyokaa bila kuegemea. Mimi nilikuwa wa pili wake.

Mwaka wa pili baada ya kumzika Délima, Kamati ikaamua kuwaita wageni waje kutazama. Vyumba vyote vikajaa. Watu kutoka Ontario, wenye makoti mazuri, wanauliza kama barakoa ni za kidini. Nikanyoa. Nikavaa hata kile kizibao. Jioni, kabla ya watu kuanza kuja, Ghislaine akaingia chumbani kwangu bila kubisha.

"Mzee wangu, leo ungepumzika tu humu ndani. Viti havitoshi."

"Viti?"

"Kile cha kubembea nimempa bibi mmoja, ana mgongo. Na wewe ukikaa pale unataja watu haraka mno. Mwaka jana kila aliyeingia ulimmaliza mlangoni. Hivyo wageni hawataona mchezo."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwajua watu wangu."

"Usichukulie hivyo. Nitakuletea sahani."

Akafunga mlango. Nilikaa kitandani nikasikia jikoni kwa Délima kukijaa watu. Nilimsikia Zabeth, mdogo wake Délima, akiuliza, "Shemeji yuko wapi?" na Ghislaine akajibu, "Kalala, amechoka." Mimi! Nilikuwa nimekaa na viatu mguuni!

Basi nikasema, kama siwezi kukaa na wanaopokea, nitaingia na wanaopita.

Nilichukua gauni jeusi la Délima sandukuni. Nilichukua foronya, nikaitoboa macho. Glovu za sufu mkononi. Ikabaki miguu. Mtu wa Mikarem hukamatwa kwa miguu. Mabuti yangu yana kiraka ambacho kila mtoto wa kijiji anakijua. Lakini kwenye kibaraza cha nyuma palikuwa na mabuti ya mpira ya njano ya Arsène LeFort. Arsène ni makamu wa Ghislaine kwenye Kamati, na ndiye anayetengeneza mabomba. Alikuwa ameyaacha mchana alipobadili viatu. Ni mtu mrefu kama mimi. Nikayavaa. Nikatokea nyuma, nikazunguka kwenye theluji, nikabisha mlango wa mbele.

"Ingia! Ingia! Bibi huyu anatoka wapi?"

"Angalia kifua chake, kimehamia tumboni!"

"Huyo ni Médéric wa Thaddée!"

Nikatikisa kichwa.

"Médéric hana tako kama hilo. Geuka, bibi, tukuone."

Nikageuka. Walicheka mpaka wageni wa Ontario nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Yule bibi mwenye mgongo alikuwa kwenye kiti changu. Nilizunguka jikoni nikiwashika watu mashavu, nikivuta pumzi, "Nani mimi? Nani mimi?" na kwa dakika chache, nisiseme uongo, nilifurahi. Mzee Onésime, rika langu, tuliyevua pamoja miaka yote, alinitazama machoni kabisa kwenye matundu ya foronya, akasema mimi ni mke wa mwalimu.

Ghislaine alikuwa akitazama miguu. Akaja akanishika kiwiko, akanivuta pembeni karibu na pipa la kuni, akanisogezea mdomo sikioni.

"Arsène, wewe. Mabuti haya nayajua. Usiogope, sitakutaja."

Hapo ndipo ilipotakiwa nitikise kichwa.

Sikutikisa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa ananong'ona kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. Nikainamisha kichwa: ndiyo.

"Vizuri, maana nilikuwa nakutafuta. Nyumba ya wazee wamekubali. Kitanda kimepatikana, Jumatatu. Utakuja na gari lako. Na wewe ndiye utakayemwambia, mwanamume kwa mwanamume. Mimi akiniona ananuna."

Nikavuta pumzi. "Mzee?"

"Lubin, nani mwingine? Wale wakaguzi wa serikali wamesema nyota ya nne hatuipati bila bafu la chini. Pale nyuma ya jiko mabomba tayari yapo, wewe mwenyewe ulisema."

"Na Délima?" nikavuta tena. "Ahadi?"

"Ahadi gani, Arsène! Mwanamke alikuwa amejaa dawa za maumivu. Angeniambia nimpe mwezi, ningemwambia chukua." Akanipiga bega. "Haya, nenda ukacheze."

Nikarudi katikati ya jikoni. Watu bado walikuwa wanapiga kelele, "Ongea, bibi! Ongea!" lakini pumzi sikuwa nayo, si ya ndani wala ya nje. Nikasimama tu. Zabeth akainuka. Ana macho mabovu siku hizi, kwa hiyo yeye hubahatisha kwa mikono. Akalishika gauni kiunoni, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hili gauni nililishona mimi," alisema taratibu. "La mazishi ya mama. Huyu ni shemeji yangu. Huyu ni Lubin wa Polycarpe wa Damase."

"Lubin amelala," Ghislaine akasema.

"Nani kakuambia amelala? Mwangalie anavyosimama. Jifunue, shemeji."

Nikajifunua. Wakapiga makofi. Onésime akajipiga paja, "Mke wa mwalimu! Loo!" Mtu akanisogezea sahani ya peremende.

Sikuigusa. Nilisema, "Ghislaine, waambie watu ulichoniambia pale kwenye kuni."

Uso wake uliishiwa damu, lakini huyo alikaa benki miaka mingi, alirudi upesi. "Tumetania tu."

"Waambie kuhusu Jumatatu."

"Mzee Lubin, si mbele ya wageni."

"Nyumba hii Délima aliitoa kwa sharti moja, na sharti ni mimi. Leo huyu mwanamke amesema Délima alikuwa mlevi wa dawa. Jumatatu natupwa nyumba ya wazee ili chumba chetu kiwe choo."

Wote wakanigeukia. Nilidhani nimewapata. Niliwaangalia mmoja mmoja: watu niliowabebea majeneza, niliowatolea watoto wao kwenye barafu. Na ingekuwa hapo, nadhani, mtu angesema neno. Ila Ghislaine alijua kijiji chake kuliko nilivyokijua mimi.

"Ndiyo, nilisema mambo," akasema. "Nilisema kwa Arsène. Nilimuuliza, wewe ni Arsène? Akaitikia ndiyo."

Ungesikia jikoni mle. Hawakushtuka namna hiyo niliposema kuhusu Jumatatu.

"Alifanyaje?" Onésime akauliza.

"Aliitikia. Kichwa hivi. Kisha akaendelea kuniuliza maswali kwa jina la Arsène."

"Lubin." Onésime alisimama kabisa. "Sema si kweli."

"Onésime, wananifukuza nyumbani kwangu."

"Nimekuuliza kitu kingine. Uliitikia jina la mtu mwingine, umejifunika, ndani ya nyumba inayopokea?"

"Niliitikia."

Akaketi. Akaanza kutafuta kofia yake. Mke wa Médéric alisema, bila kunielekea, "Hata watoto hawafanyi hivyo," na mwingine nyuma, "Sasa mtu atamfungulia nani mlango?" Wageni wa Ontario waliuliza kuna nini, na msichana mmoja akawaeleza, "Amedanganya kwenye mchezo."

Mchezo!

Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Arsène mwenyewe, bila barakoa, amevaa viatu vya mjini vilivyolowa theluji. "Jamani, nani kabeba mabuti yangu? Nimekanyaga mpaka soksi zinalia."

Hakuna aliyecheka. Zabeth akamfuata akamshika mkono wa koti. "Arsène, mwanangu, niambie ukweli. Jumatatu mnampeleka shemeji?"

Arsène akamtazama Ghislaine, akanitazama mimi na gauni langu. "Kwani ameshaambiwa?" akasema. "Afadhali. Nilikuwa sijui nianzie wapi."

Basi ukweli ulikuwa mezani, wazi kama samaki. Zabeth akawageukia, "Mmesikia?" Walikuwa wamesikia. Walikuwa wanavaa makoti. Mmoja akasema kule kwa wazee kuna joto sawasawa nyumba nzima. Mwingine akasema Kamati imeleta kazi kijijini, binti yake anatandika vitanda pale, tusiharibu. Onésime alipita mbele yangu akasema, "Ungekuja wazi, Lubin. Ungekuja na uso wako, tungesimama nawe." Uongo. Nilikuwa nimekuja na uso wangu jioni ile, nimeunyoa, nikaambiwa viti havitoshi, na hakuna aliyetoka jikoni kuja kugonga chumba changu ila Zabeth aliyeuliza, naye akajibiwa akanyamaza.

Alibaki Zabeth peke yake. Anaishi kwa bintiye, wanalala watatu chumba kimoja. Hakuwa na pa kuniweka, nami sikumuuliza. Alianza kunifungua vifungo vya gauni mgongoni kama mtoto.

"Kwa nini hukutikisa kichwa, shemeji?" akasema. "Ungetikisa tu."

"Ningetikisa, ningejua lini?"

"Ungejua Jumatatu."

"Na wangesimama nami Jumatatu?"

Akafungua kifungo cha mwisho.

Ghislaine alikusanya sahani. Aliniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ataniachia zulia moja la Délima niende nalo. Nikamwambia alirudishe sakafuni kwanza ndipo anipe. Hakuelewa.

Jumatatu Arsène alikuja na gari. Nilikuwa nimekwisha vaa. Kitanda nilitaka kwenda nacho; Fidèle alikichonga kwa mkono wake. Arsène akapiga simu kuuliza, akarudi akiangalia viatu vyake: kitanda ni mali ya nyumba, kimeandikwa. Nikauwekea mgongo ule ukuta mara ya mwisho. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi, hakuna aliyeweka kuni. Ukuta ulikuwa ubao tu.

Huku nilipo kuna joto, walisema kweli. Zizini nako kuna joto. Dirisha langu linatazama magari ya wauguzi. Chakula kinakuja kwenye gari la magurudumu, viazi vyao vina ladha ya karatasi, na Ijumaa wanatupa samaki asiye na mfupa wala asili. Zabeth huja bintiye akipata nafasi. Anasema bafu limekamilika, lina vigae vyeupe, na nyota wameipata. Waziri alikuja kukata utepe, akapewa chai, akasifu watu wa Belle-Anse kwa kuzitunza mila zao.

Jioni tunacheza karata ukumbini, sisi wazee wa vijiji vya pwani. Onésime naye ameletwa, miguu imegoma. Wanawe wameiuza nyumba yake kwa watu wa mjini. Tunakaa meza moja kwa kuwa meza ni chache. Hajawahi kuniomba radhi, nami sijawahi kumpa nafasi. Ila mgeni akija mezani, mtu wa Margaree au wa Pleasant Bay asiyetujua, Onésime humsogelea akamwambia kwa sauti ambayo nasikia:

"Huyo mchunge. Huyo huitikia jina lolote."

Nami huwaambia wagawe karata.